Nyumba Iliyomuuma Mama Mkwe

Wacha niseme ukweli mapema, kabla hujaanza kunihurumia. Mara ya kwanza nyumba yangu ilipomuuma mama mkwe, nilicheka. Mbele yake nilijikaza, nikasema pole mama, pole sana, nikampa kiti. Halafu nikaenda jikoni, nikajiziba mdomo kwa leso, nikacheka hadi mbavu zikaniuma.

Yeye alikuwa na ugomvi wa kudumu na taa zangu. Kila asubuhi alivuka uwanja kutoka nyumba yake hadi yangu, akaacha viatu mlangoni kwa sababu sakafu yangu ya simiti nyekundu ilikuwa imepigwa polishi, na kabla hata ya salamu akanyoosha mkono ukutani kuzima taa ya sebuleni. "Mukhana," ananiambia, yaani msichana, ingawa nilikuwa nimeolewa na mwanawe kanisani mbele ya watu wote, "unawashanga taa mchana, unaangaria nini? Jua rimekukosea nini?" Aliamini stima imo ndani ya ukuta kama mafuta kwenye mtungi, na mimi naimaliza. Ukifikiria mambo ya mita, hakukosea sana, lakini wakati huo singekubali hata kwa dawa. Akizima, anakaa, anakunywa chai, anaondoka. Akishavuka uwanja, nawasha. Hivyo ndivyo tulivyoishi.

Basi siku hiyo ya kwanza akanyoosha mkono, na swichi ikamtwanga mkono ukarudi kifuani. "Ayii!" akasema. Akaitazama swichi. Akanitazama mimi. Taa ikabaki ikiwaka hadi jioni.

Mimi nilikuwa fundi wa stima. Hii ni Kakamega ya miaka ya tisini, na mwanamke ukisema "fundi wa stima" watu walingoja uendelee, waelewe unamtaja mume wako au kaka yako. Nililelewa Shieywe, mtaa wa mjini, nikasomea chuo cha ufundi, darasa zima wanaume na mimi, nikatoka pale na cheti, mkoba wa vifaa na ulimi mrefu. Ulimi umenisumbua maishani kuliko umeme. Kazini nilivaa suruali, kwa sababu huwezi kupanda darini na sketi huku mwenye nyumba ameshika ngazi, na hilo pia mama mkwe hakulipenda. Akinitaja kwa wenzake wa kanisani aliniita "ule wa Shieywe", kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa.

Mume wangu alikuwa karani katika ofisi moja mjini. Mtu mzuri, hanywi, hapigi kelele, lakini neno lake kubwa lilikuwa "tutaona". Paa linavuja? Tutaona. Mama amenuna? Tutaona. Tulijenga kwenye boma la kwao, si mbali na soko la Lubao, na laini ya stima ilipopita karibu nikaapa kwamba nyumba yangu nitaifunga waya mwenyewe, kuanzia mita hadi balbu ya mwisho. Nikaifunga.

Sasa nikueleze jambo moja la kazi, halafu sitakuchosha tena. Kila nyumba yenye stima inafaa kuwa na chuma kilichozikwa nje, kimepakwa shaba, kirefu kunifikia kifuani. Kutoka kwenye hicho chuma kuna waya wa kijani wenye mstari wa manjano, unaingia ndani na kushikana na kila kitu cha chuma kwenye taa na swichi. Stima ikipotea njia, ikaingia kwenye chuma ambacho mtu anaweza kukishika, ule waya unaikimbiza ardhini, fyuzi inakatika, nyumba inazima, na wewe unajua kuna shida. Waya huo usipokuwepo, stima inakaa pale pale kwenye chuma, kimya, ikingoja mtu wa kuipitisha.

Na ardhi ikikauka, chuma hicho hakifanyi kazi vizuri. Kwa hivyo mafundi tulifundishana hivi: chimba shimo, weka makaa, tia chumvi, simika chuma katikati, mwaga maji.

Nilifanya hayo yote mwezi wa Januari, jua kali, nyuma ya nyumba, nikiwa nimepiga magoti na kunong'ona vipimo nisivisahau. Nikaona kivuli. Mama mkwe alikuwa amesimama juu yangu, jembe begani.

"Mukhana, unazika nini hapo?"

Mtu mwenye akili angesema, mama, hii ni sehemu ya stima. Mimi nikasema, "Dawa, mama."

"Dawa ya nini?"

"Ya nyumba. Nisipoizika, itauma watu."

Sikuwa nikidanganya. Fundi akisema dawa anamaanisha chochote kinachoondoa shida: waya umelegea, dawa yake ni skrubu, panya anatafuna waya, dawa yake ni paka. Lakini hebu nitazame kwa macho yake. Yeye ni mjane, mama wa kanisa, mwenye mtoto mmoja tu wa kiume, na huyo mtoto ameleta msichana wa mjini anayevaa suruali. Huyo msichana yuko magotini nyuma ya nyumba, anazika chuma na makaa na chumvi, ananong'ona, anamwaga maji, na akiulizwa anakubali waziwazi kwamba ni dawa. Mama mkwe alisema, "Haya." Akaenda zake. Katika boma lile "haya" ilikuwa na maana nyingi, na mimi nilikuwa sijajifunza hata nusu yake.

Niliona nimepiga mzaha mtamu. Nikamsimulia mume wangu. Akasema tutaona.

Stima ikaunganishwa, taa zikawaka, kila kitu sawa. Halafu mwezi wa Machi nilikuwa kwenye kazi ya kufunga waya upya katika nyumba moja kuukuu mjini, na mwenyewe akanipa swichi mbili za zamani, zile zenye uso wa shaba na kidude cha shaba cha kubonyeza juu chini. Nzito, zinang'aa. Niliingiwa na tamaa. Za kwangu zilikuwa za plastiki kama za kila mtu, nami nilitaka mgeni akiingia aone huyu ni fundi. Jumapili iliyofuata nikasingizia kuumwa na kichwa, wote wakaenda kanisani, nami nikabaki kubadilisha swichi ya sebuleni. Nilizima stima, nikafungua, nikafunga, nikakaza skrubu mbiombio niliposikia sauti zao zikirudi. Walipoingia nilikuwa nimelala na kitambaa kichwani, mgonjwa kabisa.

Jumatatu ndiyo ile siku niliyocheka.

Jumatano swichi ikamuuma tena. Wiki iliyofuata mara mbili. Na haikumuuma mtu mwingine yeyote! Mume wangu aliwasha na kuzima, hakuna kitu. Mimi pia. Mama akagusa, twaa! Ikawa hadithi. "Hii nyumba inanichukianga mimi tu," akasema mbele ya wenzake. "Imeambiwa." Neno hilo "imeambiwa" lilinifikia, nikacheka tena.

Kucheka kwenyewe si hoja. Nilijua. Fundi yeyote anajua kwamba swichi ikiuma mtu kuna kitu kimeharibika, na anajua pia kwa nini inachagua. Nilishawahi kuitwa kwenye nyumba moja Shieywe ambako taa iliuma watu siku za kufua tu, mpaka wenyewe wakadhani ni sabuni. Nikiitwa kwa mambo kama hayo nilianza na miguu ya aliyeumwa, nikaja kwenye taa baadaye. Mume wangu alikanyaga sakafu kwa viatu vya ofisini, mimi kwa patipati za mpira, na mpira haupitishi stima. Mama alikuja kwa heshima, miguu mitupu, iliyolowa umande wa uwanjani. Yeye ndiye pekee aliyekuwa akiifungulia stima njia ya kwenda ardhini.

Nilijua hayo yote, nikajiambia ni kitu kidogo, nitaangalia nikipata nafasi. Sikupata nafasi, kwa sababu sikuitafuta. Mama alikuwa ameacha kugusa swichi yangu. Alikuja, akaitazama kwa jicho la pembeni, akanywa chai yake chini ya taa inayowaka saa nne asubuhi, na mimi nikaona raha. Haki ya Mungu, niliona raha.

Aprili mvua zikaanza, na mvua za kwetu unazijua, mchana kuchwa radi. Jumanne moja mama aliingia kutoka shambani, matope hadi vifundoni, bakuli la kunde mkononi, kaniletea mimi. Nadhani alisahau. Zoea lile la zamani lilimpitia, akanyoosha mkono kuzima taa. Safari hii hakusema ayii. Mkono ulishikwa kidogo, halafu akatupwa nyuma, akaanguka juu ya mkono wake mwingine, bakuli likavunjika, kunde zikatapakaa kwenye sakafu yangu nyekundu.

Nilipiga yowe kumshinda yeye. Nikakimbia kuzima swichi kubwa ya mita, nikarudi, nikapiga magoti kando yake. Macho yalikuwa wazi. Midomo ilitetemeka. Nikataka kumshika akanisukuma kwa mkono uliokuwa mzima.

"Usiniguse," akasema. Akasimama mwenyewe, polepole, akatoka, akavuka uwanja kwenye mvua bila viatu. Viatu vilibaki mlangoni pangu. Niliviokota, nikavipangusa matope, nikashindwa kuvipeleka.

Jumatano mume wangu alirudi kutoka kwa mama yake na uso mrefu. Mkono haukuvunjika, ulikuwa umeteguka. Lakini mama alikuwa amemwita mzee, kaka wa marehemu baba mkwe, ambaye ndiye aliyekuwa akiamua mambo ya boma. Jumamosi kungekuwa na kikao. Nikishindwa kujieleza kuhusu kile nilichozika, nitarudi kwetu Shieywe.

"Kwa muda," akasema mume wangu.

"Muda gani?"

Alifungua mdomo, na mimi nikamwambia, "Ukisema tutaona, nitakurushia huu mwiko." Akafunga mdomo. Nilimpenda yule mtu, na nilikuwa na hofu ya kumpoteza, na hofu yangu siku zote hutokea mdomoni ikiwa ni matusi.

Alhamisi sikwenda kazini. Nilivaa patipati, nikawasha swichi kubwa, nikachukua testa, ile bisibisi yenye kitaa kidogo ndani ya mpini. Nikagusa uso wa shaba wa swichi. Kitaa kikawaka chekundu kabisa. Kwa hivyo stima ilikuwa imekaa kwenye shaba. Lakini kwa nini fyuzi haijakatika? Waya wa kijani ulifaa kuwa umeikimbiza zamani.

Nikachukua taa yangu ya kupimia, balbu yenye waya mbili tu. Waya mmoja kwenye stima, wa pili kwenye waya wa kijani. Chuma changu kikiwa sawa, balbu inafaa kuwaka, kwa sababu ardhi yenyewe inamalizia safari. Balbu haikuwaka. Nikasugua waya, nikajaribu tena. Hakuna.

Nikatoka nje, nikafuata ule waya wa kijani ukutani mpaka chini. Udongo ulikuwa laini, kama wa shamba lililopaliliwa juzi, na vipande vya makaa yangu vilikuwa vimetapakaa juu. Nikavuta waya. Ulikuja wote bila ubishi, kama kamba ya kiatu. Mwisho wake ulikuwa umekatwa kwa panga, pigo moja safi.

Nikasema, wezi wa shaba! Lakini mwizi wa shaba ameuachaje waya, ambao ndio shaba tupu? Nilikuwa nimesimama hapo nikijiuliza, na nyuma ya nyumba ya mama mkwe ng'ombe akalia. Nikainua macho. Ng'ombe wake mwekundu, aliyemnunua sokoni Lubao, alikuwa akila nyasi amefungwa kwenye kigingi. Kigingi kiling'aa kikahawia. Nilikaribia, nikainama. Kibano changu, kile cha kushikilia waya wa kijani, kilikuwa bado kimekaa kichwani mwa kile chuma, kimekazwa kwa mkono wangu mwenyewe, na kamba imepitishwa chini yake vizuri.

Ala! Nilisimama mbele ya ng'ombe yule nikakosa hata tusi. Baadaye nilikuja kujua yote: siku moja mwezi wa Februari, nikiwa kazini, wamama wanne wa kanisa walikuja, wakaimba, wakachimba, wakaing'oa dawa, wakaiombea ikatakasika. Kutupa wakaona dhambi nyingine, chuma kizuri vile. Mtu anayezima taa ya wenyewe saa nne asubuhi atatupa chuma?

Damu ilinipanda. Niliingia ndani nikitembea kama askari. Kumbe ni yeye! Anang'oa kinga ya nyumba, nyumba inamuuma, halafu mimi ndiye mchawi! Nikaanza kuupanga ule mkutano wa Jumamosi kichwani. Nitakubali kila kitu kwa upole. Nitawaacha wanilaani. Halafu nitasema, wazee, twendeni kidogo nyuma ya nyumba ya mama, na nitawapanga wote mbele ya ng'ombe. Niliona mpaka sura ya mzee itakavyokuwa. Nilifurahi sana, nikapika chai, nikanywa vikombe viwili nikitabasamu peke yangu.

Ilibaki kazi ndogo tu, kujua stima ilifikaje kwenye shaba. Nikazima swichi kubwa, nikapima, nikafungua skrubu mbili, nikauvuta uso wa swichi ukutani.

Waya mwekundu ulikuwa umebanwa chini ya ukingo wa shaba. Ukingo umekata mpira wake, na shaba ya ndani ilichungulia, doa dogo lenye kung'aa, halizidi punje ya mtama. Hakuna panya. Hakuna mwizi. Ni mimi, Jumapili ile, nikikaza mbiombio ili wanaotoka kanisani wanikute nikiwa mgonjwa. Kosa la mwanafunzi wa muhula wa kwanza.

Nilikaa chini pale sakafuni. Chuma kingekuwepo, fyuzi ingekatika pale pale nilipowasha, nami ningejua kosa langu kabla mama hajavua viatu. Hiyo ni kweli, na hilo lilikuwa kosa la mama. Lakini ningepima Jumatatu, baada ya kucheka, ningeona vilevile. Nilikuwa na testa mfukoni siku hiyo! Siku zote hizo mama alikuwa akiingia mwangu miguu mitupu, kwa heshima ya sakafu yangu, na mimi nilikuwa nimemwachia mtego ukutani kwa sababu ulinilindia taa. Angeweza kufa na bakuli la kunde mkononi. Nililia, na si machozi ya kupendeza. Halafu nikatengeneza ule waya.

Jumamosi tulikaa kwenye benchi mbele ya nyumba ya mama mkwe, asubuhi, jua limetoka baada ya mvua. Mzee alikuwa na koti na kofia yake. Wamama wawili wa kanisa walikuwepo. Mama mkwe alikaa kando, mkono umefungwa kwa leso, haniangalii. Mume wangu alikaa karibu nami, na hilo nililihesabu.

"Hapa," mzee akaanza, "tunataka ndiyo ama hapana. Ulizika kitu nyuma ya nyumba?"

"Ndiyo, mzee."

"Mama akakuuliza, ukasema ni dawa?"

"Nilisema."

"Ulitia makaa?"

"Nilitia."

"Chumvi?"

"Pakiti nne."

Mama mmoja wa kanisa akasema "Yesu!" kwa sauti ndogo.

"Na maji ukamwaga?"

"Ndoo nzima, mzee."

Mzee akavua kofia, akaivaa tena. Nadhani alizoea watu wa kukana. Nikamweleza basi, pole pole, chuma ni cha nini, waya wa kijani ni wa nini, makaa na chumvi vinasaidiaje udongo. Nikamwambia kwamba dawa ile ndiyo ilikuwa ya kuwalinda watu, na nyumba ilianza kuuma kwa sababu dawa haipo tena.

"Haipo? Nani ameitoa?"

Wamama wa kanisa wakatazama viatu vyao. Mama mkwe alitazama mkono wake ulioteguka, na kidole gumba kikaanza kukunja pindo la leso. Na nyuma ya nyumba, haki ya Mungu sikumpanga, ng'ombe akalia.

Nilikuwa nao mkononi, wote. Sentensi moja tu, twendeni nyuma ya nyumba. Nikainuka, nikafungua mdomo, na nikaona viatu vya mama mkwe. Alikuwa amevaa viatu vya mwanawe vilivyozeeka, kwa sababu vyake vilikuwa bado mlangoni pangu.

"Mzee," nikasema, "kabla ya kuuliza nani alitoa chuma, uliza nani alibana waya. Ni mimi. Niliubana Jumapili nikiwadanganya kwamba naumwa, ili nifunge swichi ya kujionyesha. Na mama alipoumwa mara ya kwanza nilijua ni stima. Ni kazi yangu kujua. Sikutengeneza, kwa sababu nilitaka aache kunizimia taa. Nilicheka. Mama, nilikucheka, na ungekufa."

Mume wangu aliinamisha kichwa. Nikafikiri, basi, nimejifukuza mwenyewe, hata mzee hakuhitaji kujisumbua. Mama mkwe akasimama. Hakunitazama. Akazunguka nyumba yake kwa viatu vile vikubwa vinavyoburuta, akapotea, na mimi nikajua hiyo ndiyo "haya" yake ya mwisho.

Alikaa kidogo. Tukasikia kitu kinagongwa, halafu kinakokotwa. Akatokea upande wa pili wa nyumba ameshika chuma changu kwa mkono mzima, ncha inachora udongo, na kwenye chuma kamba, na kwenye kamba ng'ombe, anamfuata nyuma kwa heshima zote kama shemasi.

"Nirikitoa mimi," akasema mama mkwe. Akaniwekea chuma mikononi, matope na yote. "Kimeombewa. Kirudishe."

Mzee alitazama chuma. Akatazama kamba. Akamtazama ng'ombe, na ng'ombe akamtazama yeye. Mabega yake yakaanza kutikisika ndani ya lile koti, na kicheko kilichomtoka kiliwashtua kuku. Mume wangu akafuata. Mimi sikuthubutu, mpaka nilipoona mdomo wa mama mkwe umepinda upande mmoja, naye akiushika kwa leso usimtoroke.

Tulikizika upya saa ile ile. Mama alisimama juu yangu kama Januari ile, na nilipotia pakiti ya nne ya chumvi akasema, "Ongeza," akamtuma mama wa kanisa akalete nyingine kutoka jikoni kwake. Nilimwonyesha mzee taa ya kupimia: waya mmoja kwenye stima, wa pili kwenye chuma, na balbu ikawaka kwa kugusa kitu kilichozikwa kwenye udongo mtupu. Akaomba niirudie. Niliirudia mara tatu.

Ikabaki swichi. Mama alisimama kizingitini, haingii. Nilipima kwa testa, hakuna kitu. Lakini hilo ni la fundi, yeye angelijuaje? Nikavua patipati. Nikamwaga maji sakafuni, nikayakanyaga kwa miguu mitupu, nikanyoosha mkono. Niliogopa, siwezi kukudanganya. Nilikuwa najua nilichokifanya ukutani mle, na nilikuwa najua pia kwamba mara ya mwisho nilidhani najua. Nikaushika uso wa shaba kwa kiganja chote.

Shaba ilikuwa baridi, basi.

Mama akavua vile viatu vya mwanawe. Akaingia, akakanyaga maji yale yale, akanisogeza kwa kiwiko, akaiwasha taa, akaitazama kidogo ikiwaka kwenye jua la saa tano. Akaizima.

"Unawashia nani mchana?" akasema. Nikaenda kumletea viatu vyake.

Kigingi cha ng'ombe kikawa cha mti. Swichi ya shaba niliiacha, kwa sababu mama aliipenda, aliipangusa kwa leso kila akipita. Na Januari iliyofuata jua likawa kali tena, udongo ukapasuka. Siku moja nilikuwa sebuleni nikishona, taa inawaka, nikasikia maji yakimwagwa nyuma ya nyumba. Nikachungulia dirishani. Mama mkwe alikuwa amepiga magoti pale kwenye chuma na ndoo yake, akimimina kidogo kidogo, na ngumi moja imejaa chumvi. Jirani aliyekuwa akipita akasimama, akamuuliza, mama, unafanya nini hapo?

"Dawa," akasema mama, bila kuinua kichwa. "Dawa ya mwanangu wa Shieywe. Ikikauka, nyumba itauma watu."

Jirani akaondoka kwa hatua za haraka. Mama akanyunyiza chumvi, akajipangusa magoti, akachukua ndoo, akaanza kuzunguka kuja mlangoni. Nami nikatupa ushoni wangu, nikakimbia kuzima taa kabla hajaingia.